Kokoto Zangu na Adui Zake

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua usiku kucha hapa Awendo. Asubuhi nimetoka na kikombe changu cha chai kukagua uwanja wa nyuma. Aibu! Kokoto hazionekani. Nimehesabu magugu hadi mia mbili na kumi, chai ikapoa, nikaacha.

Mtu aliyepima miwa ya watu kwenye mizani ya kiwanda miaka thelathini na moja hawezi kustaafia kwenye matope. Ndiyo maana mwezi wa Januari niling'oa bustani ya mboga ya mke wangu Phelesia nikamwaga lori zima la kokoto. Safi! Kisasa! Kiatu hakichafuki. Phelesia alikuwa amesema hapana. Nilidhani anatania. Alipoona kokoto aliuliza jambo moja tu, kwamba osuga yake, ile mboga ya mnavu, iko wapi. Sauti ile sitaki kuisikia tena.

Sasa magugu. Ndago, sangari, na mengine yenye majani mapana ambayo siyajui majina wala sitaki kuyajua. Jirani yangu Joash, mwenye ng'ombe saba na maoni kumi na saba, ameegemea ua na kuniambia kwamba ningetandaza nailoni chini kwanza. Aliniambia hivyo pia Januari. Ndiyo sababu sikutandaza.

Jioni: habari kubwa. Binti yetu Trizah amepiga simu. Watu wa Levi, mchumba wake, wanakuja kutoka Magunga Jumamosi ya tarehe kumi na saba kwa ayie, ile siku mama wa binti anatamka mwenyewe kwamba amekubali. Bila neno la mama hakuna ndoa. Trizah alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi pia machozi yalinilengalenga, nikasingizia mafua.

Phelesia amekata simu akanigeukia. Amesema hema litasimama nyuma, na hawezi kupokea wakwe kwenye pori. Magugu yaondoke kabla ya siku hiyo, la sivyo kokoto ziondoke baada ya siku hiyo. Nimekubali kwa kiburi. Joash alikuwa uani, amesikia, amejitolea kuwa shahidi. Nani alimwomba?

Jumanne, 6 Mei

Sikulala. Nimefikiria jambo ambalo wengine hawajalifikiria. Levi ni kijana mwenye adabu. Mkwe mwenye adabu hawatazami wazazi wa msichana usoni. Anatazama chini. Saa tatu nzima, chini! Na chini ndiko aliko adui wangu. Kila jani litakaguliwa.

Mpango wa kwanza: maji ya moto. Nimechemsha sufuria tatu kubwa, nikamwagia ndago moja baada ya nyingine. Zimelala! Nimecheka peke yangu. Kidogo pia yamenimwagikia kidole cha mguu wa kushoto. Sikulia. Nilipiga kelele tu.

Phelesia amekuja kutafuta maji yake ya kuoga. Nimemweleza kuhusu sayansi. Ameoga ya baridi.

Jumatano, 7 Mei

Ndago zimeamka. Zimesimama wima, kijani kuliko jana. Naona zilifurahia kuoga maji ya moto, tofauti na mke wangu ambaye hakuyapata.

Joash ameuliza kama leo nitazipikia chai. Nimejifanya sisikii.

Alhamisi, 8 Mei

Chumvi! Mbona sikuifikiria mapema? Chumvi haioteshi kitu. Nimenunua ile ya ng'ombe sokoni, mfuko mzima, kwa sababu ni nyingi na punje zake ni nene. Nimeitawanya jioni kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Nimeiongezea chumvi ya jikoni, pakiti mbili. Usiku huu ugali na samaki vimeliwa bila ladha. Phelesia ameangalia kopo tupu, kisha akaniangalia mimi. Nyumba hii ina kimya cha aina nyingi na mimi nazijua zote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeamshwa na kuguna. Nimefungua dirisha la nyuma. Ng'ombe! Saba! Wameangusha ua na wanalamba kokoto zangu, moja moja, kwa utaratibu, macho wamefumba kwa raha. Nimetoka na fimbo nikiwa nimevaa kitenge cha Phelesia. Hakuna ng'ombe aliyejali.

Joash amefika akitembea polepole. Ameniambia ng'ombe wake wanashukuru, hawajawahi kufanyiwa ukarimu namna hii, na kesho saa ngapi? Nimemwambia anifidie ua. Amesema yeye ndiye wa kunidai, maana ng'ombe aliyelamba chumvi hivi atamaliza kisima.

Wameondoka saa nne. Chumvi imekwenda nao. Badala yake wameniachia samadi mahali kumi na tisa. Mvua imenyesha alasiri ikaiyeyusha vizuri, mpaka chini kwenye mizizi.

Jumatatu, 12 Mei

Samadi ya ng'ombe wa Joash imefanya kazi yake. Yale majani mapana yanafika magotini. Siku tano zimebaki!

Lakini leo nimepata akili kubwa. Barabara ya kwenda kiwandani, wakati wa kiangazi, wanamwaga molasi, ule utomvu mweusi wa miwa unaobaki kiwandani. Vumbi linashikana, barabara inakuwa ngumu kama lami. Sasa, gugu litapenyaje lami? Halitapenya! Dereva mmoja wa zamani, ambaye niliwahi kumpimia miwa bila kumchelewesha, ameniletea mitungi minne. Nyeusi, nzito, inanukia vizuri. Nimeimwaga yote juu ya kokoto na kuisambaza kwa ufagio. Ufagio umebaki huko huko. Umeganda.

Nimemwita Joash aje aone. Ameona. Ameuliza kama nakumbuka kwamba barabarani molasi humwagwa wakati wa kiangazi, na sasa ni Mei. Wivu.

Jumanne, 13 Mei

Sisimizi. Sijui niandike nini zaidi. Wamekuja kutoka kila kata ya Migori. Nyuki nao. Slipa yangu ya kulia iko katikati ya uwanja na siwezi kuifikia bila kupoteza ya kushoto.

Saa sita kuku wa Phelesia, yule mwekundu aliyetengwa kwa ajili ya wageni, amevuka kwenda kula sisimizi. Amekwama. Alisimama pale akinitazama kama mtu aliyeonewa mahakamani. Nimeweka ubao, nikatambaa, nikamng'oa. Miguu imetoka, manyoya kadhaa yamebaki, na nyuki wawili walinifuata mpaka chooni.

Phelesia amemwosha kuku kwa maji ya vuguvugu na kumwimbia. Mimi nimejiosha mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Mvua kubwa. Molasi imesombwa yote ikaenda kwa Joash. Ng'ombe wake wanalamba ukuta. Mungu hulipa.

Nimejaribu kung'oa kwa mkono. Ndago inakatika juu, kitunguu chake kinabaki chini kikinicheka. Dakika kumi na moja, mgongo umegoma. Phelesia ametoka, ameinama kwenye yale majani mapana, akashika jani moja kati ya vidole vyake na kutabasamu. Nimemuuliza anatabasamu nini. Amesema hana neno.

Alhamisi, 15 Mei

Basi. Vita kamili. Nimekwenda duka la agroveti nikanunua dawa ya kuua magugu, chupa ya kijani. Binti wa pale amenieleza mambo mengi kuhusu glavu, upepo na siku za kusubiri. Nilikuwa nimesahau miwani, kwa hiyo nilitikisa kichwa tu. Nimeificha chupa stoo, nyuma ya gunia la mahindi. Phelesia haipendi dawa. Anasema kinachoua jani hakitamwonea haya mtu. Haya ni maneno ya mtu asiyekuwa na siku mbili tu!

Pampu ya mgongoni nimeazima kwa Joash. Nimelazimika kusema tafadhali.

Ijumaa, 16 Mei

Alfajiri, Phelesia akiwa bado amelala, au nilidhani hivyo. Nimechanganya dawa. Nimeshangaa kidogo. Dawa ni ya kahawia, nzito nzito, na inanuka kama uji wa wimbi. Teknolojia hii! Wameipa harufu ya chakula ili magugu yanywe bila kushuku. Mdomo wa pampu umeziba mara tatu, ikabidi niuzibue kwa njiti ya kiberiti. Lakini nimemaliza uwanja mzima. Sikubakiza jani.

Mchana hema limesimamishwa. Trizah amefika kutoka Homa Bay anakofanya kazi, amekonda kwa wasiwasi. Ameangalia uwanja akaniambia, baba, ni sawa tu, watu wanakuja kutuona sisi. Amenishika mkono alipokuwa anasema. Nimeamua kwamba hata magugu yakifa yote leo usiku, nitamwambia nimefanya kwa ajili yake. Ni karibu kweli.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi magugu hayakuwa yamekufa. Hata hayakuumwa. Nilijipa moyo kwamba dawa inafanya kazi ndani kwa ndani. Nilikwenda barabarani kuwaelekeza wageni, na huko nikakaa saa mbili kwa sababu walichelewa.

Wamefika tisa. Msemaji wao ni Mzee Barnabas, baba mdogo wa Levi, mtu mrefu mwenye kofia ambayo haivui hata kwa kusalimia. Pia Truphena, shangazi yake Levi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Levi nyuma kabisa, macho chini, kama nilivyotabiri. Yamesimama juu ya ndago moja na hayakuondoka pale.

Salamu, maombi, soda. Joash amekaa upande wetu akiwa na tai. Kisha chakula. Kuku mwekundu, samaki wa ziwani, ugali, na bakuli kubwa la mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa. Truphena amevuta harufu akafumba macho. Ameuliza osuga na dek nzuri namna hii Mama Trizah amezipata soko gani.

Phelesia akajibu, kwa fahari, kwamba hakwenda soko lolote. Amezichuma leo asubuhi hapo hapo nyuma, kwenye kokoto za mzee.

Majani mapana! Yale majani mapana ndiyo osuga! Yalirudi yenyewe, na mimi niliyanyunyizia dawa jana, na Truphena ameshakata tonge.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe. Nikinyamaza, nawaua wakwe tisa na jirani. Nikisema, binti yangu ataolewa na nani? Nikasimama na kusema tuombe. Barnabas akasema tumeshaomba. Nikasema tuombee pia barabara. Nikaomba. Niliombea Migori, nikaombea Homa Bay, nikaombea wavuvi, wapanda miwa, waliolazwa na waliosafiri, nikawa natafuta akili katikati ya maneno na sikuipata. Nilipokuwa naombea mbuga ya Ruma na wanyama wake wote mtu alikohoa. Ikabidi niseme amina.

Mikono ikarudi kwenye mboga. Tonge la Truphena likapanda. Nikaruka! Nikalipokonya tonge, na kwa mkono mwingine nikavuta bakuli lote, nikalikumbatia kifuani.

Hata kuku walionusurika waligeuka kunitazama.

Barnabas akaweka paja la kuku chini taratibu. Akauliza kama katika boma hili mgeni hunyang'anywa chakula mdomoni. Akauliza kama ndivyo tunavyosema kwamba hatuwataki. Wakaanza kusimama. Levi kwa mara ya kwanza aliinua macho, akamtazama Trizah, na Trizah alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hapo ndipo nilipovunjika.

Nikasema kweli. Yote! Nimenyunyizia dawa. Jana alfajiri. Kwa siri. Mboga zina sumu, mama, usile, mkwe usile, Joash usile. Nikasema kosa si la msichana, ni la baba yake mpumbavu aliyetaka kokoto zionekane. Maziwa ya mboga yalikuwa yananitiririka kwenye suti.

Phelesia hakushtuka. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaisha. Kisha akaniuliza kwa upole, mbele ya wote, dawa hiyo ilikuwa ya rangi gani. Nikasema kahawia. Akauliza harufu je? Nikasema uji wa wimbi.

Nilijisikia nikisema hivyo. Nikasimama kama gogo.

Akawaeleza wageni. Chupa yangu aliiona Alhamisi ile ile, mara tu nilipoiweka. Aliirudisha agroveti ikiwa haijafunguliwa, akabadilishiwa mbegu za mboga. Akarudi na chupa kama ile waliyompa pale, tupu na mpya, akaijaza uji uliochujwa. Wanywaji wa dawa yangu walipata kifungua kinywa.

Joash alianguka kutoka kwenye kiti. Si kwamba aliinama, alianguka! Truphena alicheka mpaka leso ikalowa, akaninyang'anya bakuli, akala, akasema sasa anaelewa kwa nini mboga hizi zina nguvu. Hata Trizah alifunua uso. Kumbe mabega yale yalikuwa yanatikisika kwa kicheko tangu nilipofika mbuga ya Ruma.

Nilidhani yamekwisha. Barnabas hakuwa amekaa. Akasema kicheko ni kicheko, lakini mgeni aliyepokonywa tonge hawezi kuondoka mikono mitupu. Kuna faini. Wakatoka pembeni wakashauriana, wakarudi. Levi anajenga nyumba Magunga, msingi umechimbwa, umesimama kwa kukosa kokoto. Faini ni hizi hapa. Zote.

Nikauliza desturi hiyo imeandikwa wapi. Akasema desturi haiandikwi, watu wanaikumbuka tu. Joash, ambaye alikuwa amerudi kwenye kiti na alipaswa kuwa upande wetu, akasema yeye anaikumbuka vizuri sana.

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Phelesia akakunja leso yake mara mbili. Akasema bado hajatamka neno lake la leo, na angependa kulitamka, ila anasubiri kusikia mzee amejibu nini kuhusu faini.

Wote walinitazama. Trizah pia. Miaka ishirini na saba sijawahi kumnyima huyu mtoto kitu, isipokuwa pikipiki. Lori langu zima! Nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena. Nikasema wachukue.

Phelesia akasimama, akasema ayie kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kiwandani. Vigelegele! Truphena akacheza juu ya kokoto mpaka zikaruka. Watu wakanipongeza. Nimelia, safari hii bila kusingizia mafua.

Jumanne, 20 Mei

Lori limekuja saa mbili asubuhi. Wapakiaji wanne. Kufikia saa saba uwanja ulikuwa mtupu, udongo mweusi, mnene, unafuka mvuke. Slipa yangu ya kulia imepanda lori pamoja na kokoto. Nimepiga simu Magunga. Levi amesema kwa heshima nyingi kwamba ataitafuta kabla ya kumwaga zege.

Phelesia alikuwa shambani kabla lori halijafika kona. Anaimba wimbo ule aliomwimbia kuku.

Jumapili, 25 Mei

Mistari sita ya osuga, minne ya dek. Zimeota zote. Jana usiku tumekula zile za zamani, ambazo Phelesia alizihamishia kando ya ua kabla ya lori kuja, na nitakiri humu tu kwamba niliongeza mara mbili. Trizah amepiga simu, msingi wa nyumba umejaa, harusi ni Agosti. Nimefurahi kweli. Phelesia alinimegea ugali kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwenye akili angetosheka hapa.

Lakini Ijumaa nilikuwa Homa Bay kwa shughuli za pensheni. Kuna hoteli mpya karibu na ziwa. Nyuma wametandaza nyasi za plastiki. Za plastiki! Kijani mwaka mzima. Hazikatwi, hazimwagiliwi, ng'ombe hawezi kuzila. Nilivua kiatu nikazikanyaga. Nilisimama pale nusu saa, mhudumu akaja kuuliza kama ninaumwa.

Gugu gani basi litaota hapo? Hakuna! Leo Phelesia akiwa kanisani nimepima uwanja kwa hatua, kumi na nne kwa tisa, nimekanyaga miche michache tu. Nimeshaongea na fundi. Anakuja Alhamisi ijayo, siku Phelesia atakayokuwa Magunga kuiona nyumba ya Trizah. Nimemwambia aje mapema na jembe, kuna mboga za kuondoa kwanza.